Kwa mnaoanza kutafsiri muvi: steringi akishazeeka

Wadogo zangu mnaoshika maiki kwa mara ya kwanza hapa Mwanza, kuingiza sauti ya Kiswahili juu ya muvi za nje, mnaniuliza sana kuhusu kasi ya mdomo. Kasi inakuja yenyewe. Kinachowashinda wengi ni muvi ya steringi mzee, yule tuliyemzoea akiruka maghorofa, sasa anarudi na mvi zake kulipiza kisasi. Ukiitafsiri kama muvi ya ngumi za zamani, umeiua.

Chukueni The Foreigner ya mwaka 2017. Jackie Chan kazaliwa 1954, kwa hiyo hapo ana miaka 63. Watazamaji wenu wamekua naye tangu Drunken Master ya 1978 na Police Story ya 1985, akichekesha, akining'inia kwenye basi kwa mwamvuli. Humu hacheki. Ni Quan, mwenye mgahawa London, anatembea kainama, na bomu linalipuka dukani linamuua binti yake. Anampakata palepale. Mdogo wangu, hapo nyamaza. Usitie neno hata moja. Najua unaogopa ukimya, unadhani watu watasema flashi imegoma. Hawatasema. Nendeni Kirumba siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wasipoingia ziwani na kibanda umiza, kile cha kuonyeshea muvi mtaani, kimejaa mpaka mlangoni. Watu wale wana kelele kushinda jenereta, lakini uso wa yule mzee unawatuliza wote. Kwangu mimi hajawahi kuigiza vizuri kuliko hapo, na Police Story naijua nje ndani. Ukimpachikia mzaha umewadhulumu waliolipa kiingilio.

Jambo lingine ni kutangulia. Quan alifunzwa vita na Wamarekani kule Vietnam, na mabinti zake wawili wakubwa waliuawa na maharamia wakati familia inakimbia. Muvi inayatoa haya polepole, watu wakiwa wameshaanza kuulizana mwenye mgahawa kajifunzia wapi kutengeneza mabomu. Ukiyasema mwanzoni, kwa kutaka uonekane unajua, swali lao limekufa na muvi imepoa. Itazameni yote kabla ya kurekodi, muirudie, muandike kwenye daftari kila siri inatokea wapi.

Maongezi ndiyo magumu zaidi. Pierce Brosnan, aliyekuwa James Bond kuanzia 1995 hadi 2002, humu ni Hennessy, mpiganaji wa zamani wa IRA, kundi la Waayalandi lililopigana kwa silaha na Uingereza, ambaye sasa ni kiongozi serikalini Ireland Kaskazini. Mvuvi wa Igombe halazimiki kuijua Belfast, mji mkuu wa huko. Mwambie kwa kifupi: kuna watu walipigana miaka mingi kuutoa utawala wa Uingereza, mwaka 1998 yakafikiwa makubaliano ya amani, na wapo ambao hawakuyakubali. Basi, mwache aangalie. Quan anataka majina ya waliotega bomu, Hennessy anasema hayajui, na muvi nzima imesimama hapo.

Sasa sauti. Wengi mnampa Quan sauti ya kunguruma kwa sababu ni steringi. Yeye anaongea chini, kwa adabu, kama mzee anayefuatilia mafao yake ofisini na kila siku anaambiwa arudi kesho. Hata akitishia, anatishia kwa upole, na ndiyo maana inaogopesha. Hennessy ndiye wa kufoka, mpe yeye pumzi yako yote.

Kwenye mapigano punguza maneno. Mzee anapigwa, anaanguka, anahema, anaokota chochote kilicho karibu. Kuhema kule lazima kusikike, kwa sababu ndiko kunakowaambia watu kwamba huyu anaweza kushindwa. "Mpige huyo!" watasema wenyewe, usiwachukulie kazi yao.

Na mkifika mwisho, namba ya simu na salamu kwa washikaji visianze Quan akiwa bado yupo kwenye skrini. Viwekeni majina ya waigizaji yakianza kupanda.