Kabla kamati haijaagiza pilau ya watu mia tatu

Kauli ninayoisikia kuliko zote tangu nianze kupikia shughuli hapa Dar es Salaam ni hii: "Dada, mimi sitaki aibu. Bora kibaki kuliko kipungue." Anaisema mwenyekiti wa kamati, anaitikiwa na mhazini, na mama wa bwana harusi anagonga meza kabisa. Hapo hesabu imeshaharibika na hakuna hata kitunguu kilichomenywa. Chakula kinachomwagwa kwenye kumbi zetu kimeanza kumwagwa kikaoni, wiki kadhaa kabla ya harusi, na watu wenye akili timamu wanaoogopa maneno ya mtaani.

Nawaelewa. Harusi zetu ni za michango. Mtu ametoa laki yake, ameshona sare, amepanga foleni ya kumpongeza bibi harusi, halafu afike mezani akute sufuria limekwanguliwa? Atalisimulia hilo mpaka mtoto wa kwanza abatizwe. Lakini hofu hiyo ina bei, na bei yake inalipwa na michango hiyohiyo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapo Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024 likakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ilitoka majumbani, 28 ilitoka kwa watoa huduma za chakula, yaani mahoteli, migahawa na sisi wapishi wa shughuli, na 12 madukani na masokoni. Hiyo haigusi kile kinachooza njiani kabla hakijafika sokoni, zile nyanya za Ilula zinazopondeka ndani ya tenga. Mimi nitasema zaidi kuhusu hiyo 28 kwa sababu ndiyo ninayoishika kwa mikono.

Tuanze na idadi. Kamati huhesabu kadi zilizochapwa, na kadi si watu. Kadi ya dabo mara nyingi anakuja mtu mmoja, mwenzake kabaki na watoto. Waliochanga nusu hawaji kabisa, wanaona haya. Hesabu watu waliomaliza mchango na kuthibitisha kwa simu siku tatu nne kabla, kisha ongeza wale ambao kamati husahau kila mara: mshereheshaji, wapiga picha, vijana wa muziki, matarumbeta, madereva, walinzi. Hao wanakula, tena wanakula vizuri kwa sababu wamekaa na njaa tangu mchana. Juu ya hapo weka kama asilimia kumi ya akiba. Siyo thelathini. Ukishaweka yako kumi, mpishi naye anaweka yake kimyakimya kulinda jina lake, na mwenye ukumbi akitoa chakula yeye naye anaweka yake. Akiba tatu zinapandiana na hakuna anayemwambia mwenzake. Muulize mpishi wako waziwazi: hii idadi umeshaiongeza au bado?

Ila kosa kubwa haliko kwenye idadi ya watu. Liko kwenye idadi ya vyakula.

Kamati inakuja na orodha: pilau, wali mweupe, ndizi nyama, viazi vya kukaanga. Watu 300. Nikiuliza pilau ya watu wangapi, jibu ni mia tatu. Wali? Mia tatu. Ndizi? Mia tatu. Viazi? Nao mia tatu, dada, sisi tunalipa. Hapo nimeagizwa milo 1,200 kwa matumbo 300, na kila tumbo ni lilelile alilopewa na Mungu. Ni kweli mgeni ataonja kila kitu, lakini hakuna anayekula sahani nne.

Jikoni kwangu kilo moja ya mchele inashibisha watu wanane ikiwa wali ndio chakula chenyewe. Pilau ya watu 300 ni kilo 38, na wali wa watu 300 ni kilo 38 nyingine. Kilo 76 za mchele, bado ndizi na viazi vinasubiri kumenywa. Ninachowashauri ni kuvigawa: pilau ya watu 180, kwa sababu kwenye harusi pilau ndiyo inayokwenda, wali wa watu 90, ndizi za watu 80. Viazi ondoa. Jumla ni milo 350, akiba imo humo humo. Mchele unakuwa kilo 35. Zile kilo 41 zilizobaki ni fedha ya kukodi basi la kuwarudisha wazee nyumbani, na hilo nalo watu hulisimulia.

Wali wa nazi kwenye bufee ya usiku mimi huwa naukataa, na wateja wa Tanga hununa. Nazi huchacha haraka kwa joto letu. Unaopikwa saa kumi jioni kwa watu watakaokula saa nne usiku ni mtihani, na ukibaki hauna safari.

Ukitaka kuona watu wanaojua hesabu ya chakula, usije harusini, nenda msibani. Hakuna kadi wala idadi. Kina mama wa mtaa wameinjika sufuria moja, jingine liko pembeni na maji ya moto, mchele umechambuliwa umekaa kwenye sinia. Mmoja anatoka kwenda kuchungulia turubai, anarudi: "Jamani wameongezeka watu wa kazini kwa marehemu, ongezeni." Wanaongeza. Wakipungua, mchele unarudi kwenye gunia ukiwa mkavu. Nimepikia shughuli nyingi za kifahari na sijaona mpishi mkuu anayefanya kazi safi kama hao mama. Wanapika kwa kufuata vinywa, sisi tunapika kwa kufuata orodha.

Hilo linaweza kufanyika hata ukumbini. Mwambie mpishi apike robo tatu, robo iliyobaki akae nayo ikiwa mbichi: mchele umechambuliwa, viungo vimekaangwa, kuku wameshatiwa viungo wako kwenye barafu. Pilau inaiva ndani ya dakika arobaini hivi. Mpishi anayekwambia haiwezekani mara nyingi anaogopa kukesha, au ameshakupigia bei kwa sahani na kilichobaki hakimhusu.

Sasa muda, na hapa namsema mshereheshaji. Wageni wameingia saa moja, wamepewa soda, karanga, sambusa na vipande vya kuku. Inakuja keki, inakuja shampeni, utambulisho wa ukoo mzima mpaka binamu aliyeko Mwanza, halafu zawadi, na kina mama wanaingia na vitenge wakicheza. Bufee inafunguliwa saa tano kasoro. Robo ya watu wameshaondoka kwa sababu daladala za mwisho hazingojei zawadi. Waliobaki wamejaa soda. Nimewahi kumwomba mshereheshaji afungue chakula saa mbili na nusu, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, watu wakishakula wanaondoka, nitabaki na viti." Ni kweli wataondoka. Lakini wataondoka wameshakula, na chakula kilipikwa kwa ajili yao, si kwa ajili ya viti. Mwenyekiti anapaswa kulimaliza hili kwenye kikao na ratiba iandikwe.

Foleni nayo. Kumbi nyingi hupanga saladi, pilau, wali, ndizi, halafu nyama mwishoni kabisa ikigawiwa na mhudumu mwenye koleo. Mgeni anajua nyama ni ya kugawiwa, kwa hiyo analipiza kwenye pilau. Akifika kwenye kuku hana pa kumweka, anamweka juu ya mlima. Geuza. Anza na nyama na samaki, kisha mboga, pilau iwe mwisho, na mwiko uwe mdogo. Watu wakitangaziwa kwamba wanaweza kurudi tena, tena kwa sauti ya furaha, wanapakua kwa amani. Sahani kubwa zile bapa zinadanganya macho. Za wastani zinatosha.

Nyumbani sitakaa sana, ingawa ndiko iliko ile asilimia 60. Nunua nyanya kwa fungu, si kwa sado, kama mko watatu. Bei nzuri ya sado inaishia jalalani nusu yake. Ukishanunua sado, zipike zote siku hiyohiyo mpaka zikauke maji, zigawe kwenye vikopo, gandisha. Kiporo chenu cha wali kitandazeni kwenye sinia kipoe upesi, kiingie kwenye friji kabla hamjalala, kisikae kwenye sufuria mezani mpaka asubuhi. Kuna bakteria wa wali, Bacillus cereus, ambao mbegu zake zinahimili kuchemka, na sumu yake ikishatengenezwa haiondoki kwa kupasha moto. Na mahindi au karanga zenye ukungu msizionee huruma. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hicho si chakula cha kuokoa, wala usimpe kuku.

Tukirudi ukumbini, ikishafika saa sita usiku kuna mabaki ya aina mbili na watu huyachanganya. Kuna yaliyobaki jikoni, kwenye sufuria, juu ya makaa, hayajaguswa na mtu. Na kuna yaliyokuwa mezani, yamepekuliwa na miko ya watu 300, chini yake vile vimishumaa vimezima tangu saa nne. Ya kwanza ni chakula. Ya pili ni makombo, hata kama yanaonekana mazuri.

Kamati nyingi, zikishikwa na huruma saa hizo, hukusanya yote pamoja na kusema yapelekwe kituo cha watoto yatima. Tafadhali msifanye hivyo. Watoto wamelala, mlezi hana friji ya kutosha, na asubuhi mmewapa ugonjwa. Kama mna nia hiyo, na ni nia njema, pigeni simu kituoni wiki moja kabla, muulize wanahitaji nini, mtenge kilo za mchele, mafuta na maharage kutoka bajeti ile ya viazi mlivyoviondoa. Wapeni kikavu.

Chakula cha jikoni ni cha familia na majirani. Kila ukoo una shangazi anayetoka harusini na mkoba mzito, tunamcheka kila mwaka. Zamani alikuwa na mfuko wa rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 amehamia kwenye hotpoti. Kwa maoni yangu huyo ndiye mtu pekee aliyekuja na mpango. Nunueni vyombo vyenye mifuniko mapema, vinauzwa kwa jumla Kariakoo kwa bei ya kawaida, vikae jikoni, na mpishi ajue kwamba saa tano na nusu anafungasha kikiwa bado cha moto.

Makombo ya mezani na ya kwenye sahani wanayataka wafugaji wa nguruwe, wanakuja wenyewe na ndoo zao. Wapeni, ni afadhali kuliko dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako chakula kikifukiwa kinaoza na kutoa gesi ya methani. Ila waambieni wayachemshe kwanza. Makombo yenye nyama ya nguruwe ndani yake yanaweza kubeba homa ya nguruwe. Binadamu haimdhuru, lakini banda zima linaweza kuisha na ugonjwa huo hauna dawa.

La mwisho ni la mkataba, kwa sababu nimeshuhudia ndugu wakigombea kuku wa kukaanga mbele ya bibi harusi, na wapishi wakituhumiwa wizi kwa kuondoka na kilichobaki. Mimi huandika kwamba mabaki ambayo hayakufika mezani ni mali ya mwenye shughuli, na yatakabidhiwa kwa mtu mmoja, jina na namba ya simu hapa, kabla ya saa sita usiku. Kamati hujaza kila kitu pale isipokuwa huo mstari. Ujazeni. Wekeni mtu mwenye gari na friji, asiyekunywa sana. Na asiwe bwana harusi. Usiku huo hapokei simu.