MPN 23 au CFU 11: maabara ipi tuiamini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Tulichota maji ya kisima chetu kirefu siku moja, tukapeleka maabara mbili Dodoma mjini. Moja imeandika E. coli (bakteria wa kinyesi) MPN 23 kwa mililita 100, nyingine CFU 11. Tumwamini nani?

JIBU: Ndugu Katibu, waaminini wote wawili. Maabara ya kwanza imetumia mirija: maji hutiwa kwa viwango tofauti kwenye mirija yenye lishe ya bakteria, inahesabiwa mirija iliyootesha, kisha namba inasomwa kwenye jedwali la takwimu. Hiyo 23 ni makadirio, ndiyo maana inaitwa MPN, yaani idadi yenye uwezekano mkubwa zaidi. Kwa mirija mitano ya kila kiwango, idadi yenyewe inaweza kuwa chini ya 10 au ikavuka 50, kwa hiyo 11 imo humo humo. Ya pili imechuja maji kwa utando wenye matundu ya maikromita 0.45, ikauweka juu ya lishe, na kesho yake ikahesabu makoloni, yaani vishada vya bakteria vilivyoota; kila kishada ni CFU moja.

Kwa kisima chenye maji maangavu ningechagua utando. Kwa lambo, hapana. Tope la msimu wa mvua huziba utando, hufunika makoloni, na bakteria kadhaa walioganda kwenye chembe moja ya udongo huota kama koloni moja. Hapo tumieni mirija, ingawa pamoja na uthibitisho huchukua siku 2 hadi 4. Ipo pia njia ya vimeng'enya, yenye jibu ndani ya saa 24, ila kemikali zake ni ghali.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni safari ya chupa. Je, ilikaa kwenye boksi lenye barafu? Sampuli ifike maabara ndani ya saa 6, isivuke 24, maana kwenye joto bakteria huzaliana au hufa, na hakuna njia ya kupima itakayorekebisha hilo.

Iwe 11 au 23, Shirika la Afya Duniani linataka E. coli asionekane kabisa katika mililita 100. Wananchi wachemshe maji ya kunywa kuanzia leo. Kagueni nyufa za sakafu ya kisima, vyoo vya jirani na mahali mifugo inaponyweshwa, kisha tieni klorini. Mkirudia kupima, ombeni chupa yenye sodiamu thiosalfeti. Bila kemikali hiyo, klorini huendelea kuua bakteria njiani, mkaletewa cheti kisafi cha maji machafu.