Re: Kiungo cha bawa la droni kwa naironi ya kaboni. USIKICHAPE KIMESIMAMA

Mkuu, zima printa ya 3D kwanza. Umesema kiungo cha bawa utakichapa kimesimama ili usimalize filamenti (uzi wa plastiki wa printa) kwenye sapoti (nguzo za muda za kushikilia kinachochapwa), na kwamba "hii ni kaboni, haivunjiki". Maneno hayohayo niliuziwa na muuzaji mmoja, akaapa kabisa kuwa filamenti yake ya kaboni ni sawa na aluminiamu nyepesi. Nikimkumbuka presha inapanda.

Sikia sasa. Tulikuwa tunapiga picha mashamba ya mpunga Dakawa, kamera ya mteja (ya MTEJA, si yangu). Ardhini nilikuwa nimeinyanyua droni kwa ncha za mabawa, ikatulia, nikajiona injinia. Ila kukata kona droni ikiwa imelala upande digrii 60 hufanya mabawa yabebe mzigo mara mbili, na hiyo sikuipima. Kona ya kwanza kali, bawa likaaga. Printa hujenga kitu tabaka juu ya tabaka, na kiungo changu, nacho kilichochapwa kimesimama, kilikatika palepale tabaka lilipokutana na tabaka. Kamera tuliiopoa topeni, nikailipa kwa awamu. Vyura wa Dakawa wamebaki na picha nzuri kuliko zangu.

Nyuzi za kaboni za kwenye filamenti hiyo ni vipande vilivyokatwakatwa, havifiki hata milimita moja, na nozeli (mdomo wa printa) huvilaza kufuata inakopita. Hakuna unaovuka kwenda tabaka la juu. Ni chapati zilizopangwa: kila moja ina ubishi wake, ila ya juu unaibandua tu. Kinachoyashika matabaka ni naironi yenyewe, na mara nyingi hushikana vibaya kuliko naironi isiyo na kaboni. Hata zile printa za bei mbaya zinazolaza uzi mrefu, uzi hauvuki tabaka.

Mwaka 2016 maabara ya Oak Ridge ya Marekani iliwachapia Boeing kitu cha plastiki ya ABS yenye kaboni, zaidi ya mita 5, kilo 700 na ushei. Unadhani ni bawa la ndege yao ya 777X? Ni kifaa cha kulishikilia bawa wakati wa kulikata na kulitoboa!

Kwa hiyo: nguvu isiyavute matabaka yaachane. Mzigo ubebwe na bomba la kaboni la kiwandani, wewe chapa soketi, tena ikiwa imelala. Chapa na ya ziada, ining'inizie ndoo, jaza maji mpaka ivunjike, ndipo ujue inabeba kilo ngapi.

Naironi ikaushe, nozeli ya shaba italiwa, weka ya chuma kigumu. Uliuliza na printa ipi, sijui na kibali... hayo baadaye. Laza hilo faili kwanza, utuwekee picha hapa.