Kashata nene zilivyoniponza: kuchagua matairi ya Fuso

Fuso langu lilishuka melini kutoka Japani limevaa matairi sita meusi tii, kashata (yale madonge ya mpira yanayokanyaga barabara) nene, utadhani yametoka kiwandani jana. Aliyeniuzia akanipigapiga begani: "Hapa habari ya tairi sahau, miaka miwili." Nikaamini. Bei ya tairi jipya la lori mnaijua wenyewe.

Hata miezi minne haikutimia. Tulikuwa tunashusha kabichi kutoka Lushoto kuja Tanga mjini. Kona za Soni tumezimaliza salama, Mombo tumeipita, jua la saa nane linawaka. Kabla ya Korogwe nikasikia kitu kinachapa chini ya bodi, pa, pa, pa. Utingo akachungulia: "Tajiri, tairi linavua nguo!" Ganda lote la tairi la nyuma lilikuwa limebanduka, linaning'inia kama ngozi ya mbuzi anayechunwa. La pembeni yake lilikuwa la moto hata mkono haushiki.

Kesho yake nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja fundi wa matairi. Hakuniuliza kitu. Alichuchumaa, akafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa kibichi, akaniita nisome. STUDLESS. Miezi minne nalipita neno hilo kila asubuhi.

"Hili tairi la theluji, mwanangu. Theluji wewe umeiona wapi, Pongwe?"

Akanionyesha kashata kwa karibu. Kila donge limechanjwa chale nyembamba nyingi, kama mgongo wa samaki anayesubiri ndimu. Huko kwenye barafu chale hizo ndizo zinazong'ata barabara. Na mpira wenyewe umepikwa ubaki laini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, ambapo tairi la kawaida linaanza kukakamaa. Ulete mpira huo kwenye lami ya Mkumbara ukiwa na tani kadhaa mgongoni: madonge yanayumba, yanasuguana, joto linapanda, tairi linaliwa haraka, na mwisho ganda linaachana na mwili. Kosa si la tairi. Kwao ni mali. Ujerumani, barabara ikiwa na theluji au barafu, lori la zaidi ya tani 3.5 halitembei bila matairi ya aina hiyo mbele na kwenye ekseli inayosukuma, na tangu Oktoba 2024 herufi M+S (yaani tope na theluji) peke yake hazikubaliki tena. Lazima uwepo mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Ukiuona mchoro huo kwenye gari unalotaka kununua, hesabu kwamba gari halina matairi, na bei ishuke.

Tangu siku hiyo tairi nalisoma kabla sijalitazama. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 4117 maana yake wiki ya 41 ya mwaka 2017. Kashata mbichi kwenye tairi la zamani hainidanganyi tena, kwa sababu mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Halafu uzito. Yangu ni ya saizi 225/80R17.5, yameandikwa 123/122, namba za uzito: likiwa peke yake mbele linabeba kilo 1,550, yakiwa mapacha nyuma, mawili kila upande, kila moja kilo 1,500. Piga hesabu: nyuma kote ni kilo 6,000, na humo limo lori lenyewe, bodi, na yale magunia ya karoti ambayo mwenye mzigo anaapa kwamba ni "mepesi tu".

Masika je? Hapa ndipo wengi wanakimbilia kashata nene magurudumu yote. Mimi mbele naweka tairi la mifereji mirefu iliyonyooka, maana usukani unataka utii na maji yanataka pa kutokea. Nyuma, kwa sababu tunapanda mpaka Mlalo, ambako udongo mwekundu ukinyeshewa unakuwa sabuni, naweka madonge makubwa yenye nafasi pana ya kutema tope. Angekuwa mtu wa kwenda Horohoro na kurudi, lami mwanzo mwisho, ningemwambia aachane na madonge hayo. Yatamlia mafuta na kumpigia kelele bure.

Mapacha yawe na kimo kimoja. Jipya likikaa na lililolika, jipya ndilo linabeba, jirani yake anasindikiza. Na mwambie utingo achungulie katikati yake kila mnaposimama. Jiwe likinasa pale linatafuna mbavu zote mbili.

Upepo pima alfajiri, tairi likiwa baridi. Ukishuka kutoka Lushoto breki zimechemsha ringi, geji itasoma juu, na dereva wangu wa kwanza alikuwa na tabia ya kupunguza upepo pale pale Mombo. Likipoa linabaki na njaa, na tairi lenye njaa ndilo linaloelea kwenye maji ya mvua na ndilo linalochemka kesho yake. Tuligombana sana kuhusu hilo.

Matano yaliyobaki sikumuuzia mtu wa lori. Manne yamezungushwa bustani ya mchicha nyumbani, na moja limefungwa ubavuni mwa boti ya jirani yangu pale Sahare, linazuia isigongane na wenzake.