Kuhusu hiyo bastola ya dola 300

Marahaba mama. Meseji yako niliiona juzi usiku, ila umeme ulikatika huku Tanga na ukweli wenyewe nilikuwa sijui nikujibu nini. Mama yako alitaka nikuandikie neno moja tu, HAPANA, halafu nizime simu. Umeuliza kama ile rivolva ya Taurus 856, bastola ya silinda ya kuzunguka, ya dola 300 na kitu inafaa kubeba kila siku huko Houston au usubiri ukusanye hela ya Smith & Wesson 642. Nitakujibu, ila na mimi kwanza nikuulize, utaibeba wewe au itabebwa na gari?

Maana shifti zako nazijua. Masaa 12 uko wodini na zile skrabu, sare zenu za kufunga kamba kiunoni, kamba yenyewe ukiweka simu mfukoni suruali inashuka, sasa chuma cha zaidi ya nusu kilo utakitia wapi? Halafu hospitali yenu si wamebandika tangazo mlangoni, huingii nayo. Najua utaniambia sheria ya Texas tangu 2011 mwajiri hawezi kukukataza kuiacha kwenye gari lako ukilifunga, sawa, kwa hiyo italala pakingi usiku kucha na wezi wa magari wa Houston siku hizi wakivunja kioo kitu cha kwanza wanapapasa chini ya siti. Na wewe kinachokutisha ulisema ni zile dakika kumi za kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Sasa hizo dakika kumi bastola iko wapi? Iko ndani ya gari. Umeona?

Basi tuje kwenye bei. Msimamo wangu unaujua, mjomba wako Salim nilimwambia mpaka akachoka, hela ya bastola ni nusu tu, nusu nyingine ni ya risasi za mazoezi. Boksi la .38, ndiyo saizi ya risasi za hizo mbili, lenye risasi 50 linakula dola ishirini na kitu, na boksi moja ukienda renji, kule kwa mazoezi ya shabaha, linaisha kabla hujazoea kile kifyatulio, maana rivolva ndogo unavuta kama kilo 5 kwa kidole kimoja na hapohapo mtutu usitikisike. Mwenye dola 500 akanunua ya 300 na 200 akazimalizia renji namheshimu kuliko aliyezimaliza zote dukani. Hapo naona kama nakutetea. Mama yako asisome hapa.

Mimi ya kwangu niliinunua duka la rehani mtaa wa Bissonnet kule Houston mwaka 2006 kwa dola 180, baada ya wale jamaa kuniingilia sheli nilikokuwa nafanya kazi usiku wakachukua hela za droo na saa ya babu yako. Habari ya ile saa unaijua sirudii. Kampuni siitaji, ilikuwa imeshatumika na mwenye duka hakuniambia lolote na mimi sikuuliza. Leseni nikafuata utaratibu, enzi hizo ilikuwa lazima, siyo kama nyie tangu Septemba 2021 mtu na miaka yake 21 anabeba tu. Nililipa dola 140 za serikali, nikakaa darasani, halafu mtihani wa shabaha nikaufanya kwa Glock ya Salim, kwa sababu wakati ule ukifanya kwa rivolva unaruhusiwa rivolva tu, ukifanya kwa otomatiki kama hiyo Glock unaruhusiwa zote. Nikajiona mjanja. Kumbe ndo nimepata leseni na bastola yangu mwenyewe sijawahi kuipiga hata risasi moja.

Miezi saba naenda nayo kazini mfuko wa kulia wa koti. Bosi alisema hajui na hataki kujua.

Sasa kuna usiku mmoja, saa saba hivi, akaingia kijana, tena siyo kijana, mtoto, miaka kumi na saba sijui, kachukua juisi ya machungwa na hela ilipungua senti kama arobaini. Wewe unanijua, zile senti nilikuwa natoa kwenye kikombe changu siku zote, hata wale walevi nilikuwa nawaachia. Usiku ule sijui nini kiliniingia, nikamwambia irudishe. Akasema mzee nitaleta kesho. Nikamwambia IRUDISHE, na mkono wangu ukaingia mfukoni, wallahi sikuutuma, ulienda wenyewe. Akauangalia ule mkono. Akaiweka juisi juu ya kaunta taratibu, akaacha na sarafu zake, akatoka kinyumenyume viganja viko wazi mbele yake kama anavyofundishwa kufanya kwa polisi. Zile sarafu zilikaa pale mpaka asubuhi sikuzigusa.

Mama yako nilipomsimulia hakushangaa. Akasema tangu ununue hicho kidude unajibu watu. Nikabisha. Nikabisha wiki nzima, nikasema usalama, nikasema saa ya baba.

Jumamosi iliyofuata Salim ndo akanivuta renji. Nikapiga moja, nikapiga ya pili, ya tatu kifyatulio hakiendi. Navuta, wapi. Nataka kufungua silinda nitoe risasi, haifunguki, na ndani kuna tatu nzima. Yule msimamizi akaja akaniambia elekeza mbele usigeuke, watu wote kimya wananitazama mimi na koti langu. Kumbe ile fimbo ya kusukumia maganda, inayokaa chini ya mtutu, imejifungua yenyewe kama skrubu, imerefuka imekwama mbele. Akairudisha kwa vidole na koleo dogo, dakika mbili. Kitu cha kukaza tu. Kama ningeipeleka siku ya kwanza ningejua siku ya kwanza, na mimi nimetembea nacho miezi saba kifua mbele na mtoto wa watu nimemtoa kinyumenyume. Niliirudisha kwenye duka lilelile wakanipa dola 90.

Sasa utasema baba hiyo ilikuwa imetumika, mimi nachukua mpya. Sawa, na bei siyo iliyoniponza, hata ya dola 900 ile fimbo inaweza kulegea, rivolva zote uishike uikaze uiangalie. Ungekuwa unaniuliza kama Taurus inafaa kwa bei yake ningekwambia watu wengi wanabeba na inachukua risasi sita, ile 642 tano. Lakini hujaniuliza hivyo, umeuliza ya kubeba kila siku, na mimi bado niko kwenye zile dakika kumi. Muombe mlinzi wa hospitali akusindikize, hiyo ni kazi yake na ni bure. Najua hupendi kumuomba mtu, hiyo umeirithi kwangu.

Sikwambii nunua, sikwambii usinunue, una miaka 29. Ila kama utanunua, na nasema kama, chukua ya chuma kitupu usichukue ile nyepesi, hata kama muuzaji anakusifia wepesi wake. Nyepesi inapiga mkono teke, ukipiga mara kumi unachukia renji hurudi tena. Dukani muombe aifungue uone haina kitu, kisha akuruhusu uvute kifyatulio polepole na uone silinda inajifunga kila tundu bila kuchezacheza. Fimbo ishike uizungushe kama imekaza. Na kabla haijaingia kwenye mkoba wako ipige risasi 200, zikiisha na hujachoka tutaongea.

Nipigie Jumapili saa kumi za huku, mama yako atakuwa kwenye kikao cha vikoba.

Baba