Ameteuliwa, hajapewa: majibu kuhusu tuzo za Trevor Noah

Tangu Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, aongoze hafla ya Grammy, tuzo za muziki za Marekani, kwa mara ya sita, Februari 2026, maswali kuhusu tuzo zake hayaishi, na nusu yake ni swali moja lililobadilishwa kanga. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja. Usipoliona la kwako, litafute kwenye jibu la jirani.

Trevor Noah ana Grammy ngapi? (Sinza, Mbagala, Tegeta, na kwingine kwingi)

Hana hata moja.

Ameongoza hafla hiyo mara sita mfululizo, 2021 hadi 2026. Huo ni u-MC, na MC hata aking'ara vipi ukumbini, mke ni wa bwana harusi. Tuzo yenyewe ameiwania mara kadhaa. Mwaka 2020 aliwania albamu bora ya vichekesho kwa Son of Patricia, 2024 kwa I Wish You Would, 2025 kwa Where Was I. Mara zote tatu aliondoka nayo mchekeshaji wa Marekani, Dave Chappelle. Mwaka 2026 akawania upande wa vitabu vya kusikiliza, ikaenda kwa Dalai Lama. Mara nne hizo ndizo mnazozihesabu kama nne za kabatini.

Wengine wanabisha kwamba "tungemwona akishindwa". Msingemwona. Tuzo ya vichekesho hutolewa kwenye hafla ya mchana, kabla matangazo makubwa hayajaanza. Ukiamka alfajiri kumtazama akiingia jukwaani na suti, matokeo yake yameshatangazwa saa kadhaa zilizopita.

Lakini magazeti yaliandika "Trevor Noah ateuliwa Grammy". Yamedanganya? (Tabata)

Hayakudanganya, yalichagua neno baya. Mswahili wa Dar akisikia Rais amemteua fulani kuwa mkuu wa wilaya, anajua kazi imeshapatikana, imebaki kuapishwa. Kwa hiyo akisoma "ateuliwa Grammy" anaelewa vivyo hivyo: keshaipata, imebaki kukabidhiwa. Kosa si la msomaji.

Andikeni "anawania", au "yumo kwenye kinyang'anyiro". Hakuna atakayeelewa vibaya. Wahariri wa burudani wanalijua hili na bado wanaandika "ateuliwa", kwa sababu linauza zaidi.

Emmy je? Huku wanasema moja, kule mbili, kuna aliyeniapia ni tatu. (Mwanafunzi, Mlimani)

Mbili. Emmy ni tuzo za runinga za Marekani, na hili nitalieleza taratibu, maana hapa ndipo kila mtu hujikwaa.

Ya kwanza ni ya 2017, kwenye Emmy za ufundi, kundi la vipindi vifupi vya burudani. Aliipata kwa Between the Scenes, zile dakika ambazo studio ilikuwa ikisubiri matangazo ya biashara yapite, naye anapiga soga na watazamaji na kujibu maswali yao. Kamera ziliachwa zinazunguka, vipande vikawekwa mtandaoni. Watu wengi hawaihesabu kwa kuwa haikutolewa kwenye usiku mkubwa. Ni Emmy kama nyingine.

Ya pili ni ya The Daily Show, kipindi cha kejeli za habari alichokuwa akikiongoza, kundi la vipindi vya mazungumzo, iliyotolewa Los Angeles tarehe 15 Januari 2024. Hapa ndipo maswali humiminika: aliondoka kwenye kipindi Desemba 2022, vipi apewe 2024? Sababu ni mbili. Msimu wa Emmy unahesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 31 Mei ya mwaka unaofuata. Tuzo hizo zilihusu vipindi vilivyorushwa kati ya Juni 2022 na Mei 2023, na miezi ya mwisho ya Noah imo humo. Kisha hafla yenyewe, iliyotakiwa kufanyika Septemba 2023, ikaahirishwa kwa sababu ya migomo ya waandishi na waigizaji wa Marekani. Tuzo ikamkuta mtu keshahama nyumba.

"Ya tatu" mnayoisikia ni ya Septemba 2024. The Daily Show ilishinda tena kundi lile lile, lakini ule ulikuwa msimu wa Jon Stewart, mtangazaji aliyemtangulia Noah, aliyerudi siku za Jumatatu na timu ya watangazaji wanaopokezana. Noah hamo.

Kuna pia wanaomjumlishia za Stewart wa zamani. Kipindi hicho kilichukua Emmy ya kundi lake miaka kumi mfululizo, 2003 hadi 2012, wakati Noah hayupo. Kikashinda tena tarehe 20 Septemba 2015, na Noah akakalia kiti tarehe 28 Septemba 2015. Siku nane! Ndiyo maana orodha zinazopangwa kwa mwaka peke yake humpa tuzo asiyoigusa. Usiangalie mwaka tu, angalia jina la mtangazaji lililomo ndani ya jina rasmi la kipindi.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeliuliza, na mlipaswa kuliuliza: Emmy ya kipindi hupewa kipindi. Sanamu huenda kwa watu waliosajiliwa kwenye fomu ya kuwania, hasa watayarishaji. Noah alikuwa pia mtayarishaji mtendaji. Mtangazaji ambaye jina lake halimo kwenye fomu atapiga makofi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Vijana mnaosaini mikataba na vituo hapa Dar, someni kipengele cha nani anatajwa kama mtayarishaji kabla ya kusoma kipengele cha mshahara.

Kwa nini Emmy ya pili ilichukua muda mrefu hivyo? Alikuwa hachekeshi? (Kigamboni)

Kundi lake lilikuwa na John Oliver, mtangazaji mwingine wa kejeli za habari. Kipindi chake, Last Week Tonight, kilishinda kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2022, mara saba. Kisha waandaaji wakapanga upya makundi, Oliver akahamishiwa kwenye vipindi vya burudani vinavyoandikwa, na nafasi ikafunguka. Oliver akaendelea kushinda huko alikohamia. Kwa hiyo anayesema Noah "alimshinda Oliver" hajatazama makundi.

Ila nitasema na hili: Oliver hurusha kipindi kimoja kwa wiki, Noah alikuwa akirusha vinne. Kupima vitu hivyo kwa mizani moja kwa miaka saba halikuwa jambo la haki sana.

Peabody aliipata lini? (Kariakoo)

Peabody ni tuzo ya Marekani ya vipindi bora vya redio na runinga, na zile mnazomhesabia, za kuripoti uchaguzi wa Marekani wa 2000 na wa 2004, ni za enzi ya Jon Stewart. Ukiona "Indecision" kwenye jina, ujue ni Stewart.

Kapata Mark Twain au hajapata? (Ubungo)

Mnachanganya mbili. Mark Twain ni tuzo ya Kennedy Center mjini Washington, hutolewa kwa mchango wa maisha katika ucheshi, ilianza 1998 kwa Richard Pryor. Stewart aliipata 2022. Noah alipata Thurber, mwaka 2017, na hiyo ni ya kitabu: inapima ucheshi ulioandikwa, si wa jukwaani. Kitabu ni Born a Crime, ambacho mwaka huohuo kilimpa pia tuzo mbili za NAACP Image, moja ya mwandishi anayeanza na nyingine ya wasifu.

Time 100 nayo ni tuzo ya ngapi? (Mwenge)

Si tuzo. Ni orodha ya jarida la Time ya watu wenye ushawishi. Aliwekwa 2018.

Erasmus ni nini, na kweli kuna fedha? (Mwalimu, Temeke)

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na aliyeuliza ni mmoja tu.

Erasmus hutolewa Uholanzi na taasisi iliyoanzishwa 1958, kwa mtu au chombo kilichotoa mchango wa pekee kwenye utamaduni, elimu ya jamii au sanaa. Fedha zipo, euro 150,000. Noah alipewa ya 2023, akakabidhiwa Novemba kwenye kasri la kifalme Amsterdam. Mwaka ule waandaaji walichagua mada ya kusifu ujinga, kutokana na maandishi ya Erasmus mwenyewe, mwanazuoni wa karne ya 16 aliyewasema wakubwa wa kanisa na wa dola kwa kumvalisha Ujinga joho na kumpa jukwaa ahutubie. Hiyo ndiyo tashtiti: unasema la kweli kwa mdomo wa mpumbavu, mwenye cheo anacheka kwanza, halafu anashtuka.

Mchekeshaji aliyewahi kuipata kabla yake ni Charlie Chaplin, 1965, pamoja na mwongozaji filamu Ingmar Bergman. Haiwasilishwi fomu, hakuna kura za simu, hakuna kundi la kuwania. Kwa maoni yangu inazidi uzito Emmy zote mbili, na katika barua zote nilizopata kuhusu tuzo za mtu huyu, imetajwa na mwalimu wa Temeke peke yake. Kumbe tunachopenda ni zulia jekundu.

Hafla hizi huanza saa ngapi kwetu? (Ilala)

Zikianza Jumapili saa mbili usiku New York: Grammy ya Februari ni saa kumi alfajiri Jumatatu, Emmy ya Septemba ni saa tisa usiku kuamkia Jumatatu. Tofauti ya saa moja inatokana na Wamarekani kusogeza saa zao majira ya joto. Sisi hatusogezi. Wekeni kengele na muache kuandika "wamebadilisha muda bila taarifa".

Kuna Mwafrika mwingine wa vipindi vya namna hii aliyeheshimiwa? (Magomeni)

Wapo. Loyiso Gola wa Afrika Kusini, kipindi chake Late Nite News kiliwania Emmy ya Kimataifa 2013 na 2014. Kiliwania, narudia.

Na Bassem Youssef wa Misri, daktari wa upasuaji wa moyo aliyegeuka mtangazaji wa Al-Bernameg. Mwaka 2013 alihojiwa na waendesha mashtaka kwa madai ya kumtukana rais na dini, na mwaka huohuo CPJ, kamati ya kulinda waandishi wa habari, ikampa tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari. Mwaka uliofuata kipindi kikafa. Si heshima ya kuionea wivu.

Tuna kipindi cha kejeli za habari kwenye runinga hapa Dar. Tunawezaje kuwasilisha Emmy? (Mikocheni)

Emmy mnayoitaka ni ya Kimataifa, ya taasisi tofauti yenye makao New York, kwa vipindi vilivyotengenezwa nje ya Marekani. Msipeleke fomu Los Angeles, itarudi. Hafla ni Novemba, na kuna ada ya kuwasilisha. Someni kanuni za mwaka huo, si za mwaka juzi mlizotumiwa kwenye WhatsApp.

Kinachoangusha wengi ni tarehe. Kipindi lazima kiwe kimerushwa kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka unaohesabiwa, marudio hayahesabiki. Ombeni kituo barua yenye tarehe na saa ya kurushwa siku ileile, kwa sababu baada ya miezi minane mtu wa ratiba keshaacha kazi.

La pili ni muziki. Wimbo wa bongo fleva mliouweka chini ya kichekesho bila kibali cha maandishi utawatia matatani hata kama msanii ni rafiki yenu. Kibali cha mdomo si kibali.

La tatu ni manukuu ya Kiingereza, na hapa ndipo vipindi vya Kiswahili hufia. Msimpe mtu atafsiri neno kwa neno. Fumbo la "chura kumpiga teke" likitafsiriwa hivyo, jaji ataona chura tu. Apewe mtu anayejua kuchekesha kwa Kiingereza, naye aruhusiwe kubadili mfano. Manukuu yatoke na pigo la kichekesho, yasilitangulie. Likisomwa kabla halijasemwa, limekufa. Na punguzeni kicheko cha watazamaji pale kinapofunika maneno.

Chagueni kipindi kisichohitaji kuwajua madiwani wanne ili ucheke. Bei ya unga inaeleweka popote.

Tumepata barua pepe: "Hongereni, mmeshinda, lipeni dola 400 mpokee tuzo London." (Mbezi)

Msilipe. Tuzo halali hutoza wakati wa kuwasilisha, kabla hujajulikana kama utashinda. Anayekupa ushindi kwanza na ankara baadaye anauza chupa yenye jina lako. Tafuteni majina ya majaji, washindi wa miaka mitatu iliyopita, na walioshindwa. Tuzo isiyo na aliyeshindwa ni duka. Na kama mlishaandika "washindi wa tuzo ya kimataifa" kwenye bango la kipindi, lishusheni kabla mtani wenu wa kituo jirani hajalifanyia kichekesho.

Kwa nini Ze Comedy hawakupata heshima kama hizi? (Mbagala)

Kina Masanja, Joti na Mpoki walikuwa wakiigiza taarifa ya habari na viongozi EATV, kisha TBC wakiwa Orijino Komedi, na mtaa mzima ulikuwa unaingia ndani kuwatazama. Hapa kwetu, ukitoa tuzo ya "mchekeshaji bora", aliyevaa gauni akaanguka jukwaani na aliyeigiza waziri mbele ya waziri wanapigiwa kura kundi moja, kwa simu. Nani atashinda, mnajua. Watenganisheni, wekeni majaji, kisha niulizeni tena.

Chappelle je, ana Grammy ngapi? (Sinza, yuleyule)

Wewe hesabu zile tatu nilizotaja kwenye jibu la kwanza, kisha utafute zilizobaki. Nyingine zipo.