Usiwaalike Agosti

Juzi usiku kijana mmoja wa Chake Chake, Pemba, aliniandikia. Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya utalii, karudi kwao kuandika tasnifu, na yeye na wenzake watano wanataka kuanzisha klabu ya kuwakutanisha wanafunzi wa hoteli na utalii na watu wenye kazi zao. Swali lake lilikuwa hili: "Dada, tuanze na katiba au na nembo?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana sisi huku Unguja, na klabu yetu kama hiyo, tulianza na vyote viwili. Katiba yetu ilikuwa na kurasa 14, na ndani yake kifungu kizima cha nani atakaimu iwapo mwenyekiti na makamu wake wamesafiri kwa pamoja. Nembo ilikuwa jahazi juu ya ufunguo wa chumba cha hoteli, na tulibishana wiki mbili tanga liwe jeupe au buluu. Wanachama tulikuwa saba.

Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile. Hamtaki kumaliza digrii ya pili mkarudi kukaa barazani na bahasha ya kaki mapajani. Mnataka siku moja muwe mameneja wakuu wa hizi hoteli zilizojengwa pwani ambako babu zetu walianika madagaa. Nami nilitaka hivyo. Bado nataka.

Hafla yetu ya kwanza tuliifanya Jumamosi moja katikati ya Agosti 2023. Barua 23 za kuwaalika mameneja wa hoteli tulizipeleka kwa mkono: Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na hoteli za Mji Mkongwe. Nungwi nilikwenda mimi, kwa gari la abiria namba 116, nimevaa viatu vya kisigino kwa ujinga wangu, natembea mchangani kutoka geti hadi geti. Kila mlinzi aliipokea barua kwa adabu zote akaiweka chini ya daftari lake la wageni, na mpaka leo naamini barua zile hazikutoka pale. Mjini tukapanga viti 60, vya safu ya mbele tukavivika vitambaa vyeupe. Sambusa 200, nusu za nyama nusu za mboga, kwa sababu mmoja wetu alisoma mahali kwamba Wazungu wengi siku hizi hawali nyama. Juisi ya ukwaju ndoo mbili. Vibandiko vya majina tulivichapisha kabisa, kila meneja na jina lake, tukavipanga kwa alfabeti juu ya meza ya mlangoni.

Saa moja usiku ikafika, ikapita. Saa mbili kasorobo mwenyekiti akaanza kuwaambia wanafunzi wasogee wakae viti vya mbele, picha zisitoke tupu. Vibandiko vimelala palepale mezani. Feni ikawa inavipeperusha kimoja kimoja hadi sakafuni, na mimi naviokota na kuvirudisha, tena kwa alfabeti.

Alikuja mtu mmoja. Fundi, mkuu wa matengenezo wa hoteli ndogo ya Jambiani, mtu mzima wa makamo, kofia ya viua kichwani. Alikuwa mjini kufuata pampu, bosi wake akampigia simu akamwambia apitie na huko chuoni awawakilishe. Pampu yenyewe alikuja nayo, imo ndani ya boksi, akaiweka chini ya kiti chenye kitambaa cheupe. Hotuba hakuwa nayo. Tulipomwomba aseme lolote, akasimama akatwambia habari za maji.

Kisima chao, alisema, kimeanza kutoa maji ya chumvi. Pwani ile kila mwenye hoteli kachimba kisima chake na wote wanavuta, na ukiyavuta mno maji baridi yaliyo chini, bahari nayo inaingia kushika nafasi. Bomba la mvua bafuni linaota ukoko mweupe. Mashine ya kufulia inakufa kabla ya siku zake. Taulo zinakauka ngumu kama makuti, na mgeni anakwenda kuandika mtandaoni kwamba sabuni ya hoteli haitoi povu. "Nyinyi ndio mnaosoma utalii," akasema, bila kejeli yoyote, "hebu niambieni, hoteli ya vyumba 20 inakula maji tani ngapi kwa siku?" Ukumbi ukawa kimya. Mimi wiki ile nilikuwa nimewasilisha pendekezo la utafiti kuhusu utalii endelevu, lina kurasa 40, na neno kisima halimo.

Alikula sambusa nne. Akanyanyua boksi lake, na alipofika mlangoni akageuka: "Lakini nani aliwashauri mfanye Agosti? Agosti vyumba vyote vimejaa, meneja hata chooni anakwenda mbio. Njooni Mei. Mei tunapaka rangi."

Jambo hilo lilinichoma kuliko vile viti vitupu, maana tulilijua. Mwaka ule visiwa vyetu vya Zanzibar vilipokea wageni zaidi ya 630,000, na mwaka uliofuata wakapita 700,000. Tarakimu hizi huzitaja kila mtu mwenye kipaza sauti, lakini wageni hao hawaji kwa mwendo mmoja. Wanajazana Julai na Agosti skuli za Ulaya zikifungwa, wanarudi tena Disemba na Januari, na ikifika masika, Aprili na Mei, fukwe ni za kunguru na watoto wa chuoni. Hoteli nyingine hufunga kabisa. Grafu yake tulikuwa nayo. Ilikuwa slaidi ya tatu.

Sambusa zilizobaki tuliwapa walinzi na vijana wa maskani. Nilipofika nyumbani mama aliuliza, "Walikuja?" Nikamwambia walikuja. Sijawahi kumweleza ukweli, na kwa kuwa haya mambo ya mitandao hayasomi, ataendelea kuamini.

Miezi iliyofuata siisimulii. Vikao, kundi la WhatsApp, watu wawili wakajitoa, wengine wakaingia.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikiwa kimeshatupita na boti zimerudi majini, tukapanda gari la 309 watu tisa hadi Jambiani kwa yule fundi. Tulikuta kama alivyosema. Magodoro yamesimamishwa varandani, ndoo za rangi kila pembe, mvua inashuka juu ya bwawa lisilo na mtu. Akatukabidhi kwa msimamizi wa vyumba, mama mmoja wa Bwejuu ambaye hoteli nzima, hata yule mwenyewe Mzungu, humwita Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alinipa shuka nitandike kitanda. Nikatandika. Akatazama, akalishika shuka pembeni akalichomoa lote. Nikatandika tena, akalichomoa tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Ndiwe mwenye digrii mbili?" Halafu akanionesha: pembe ya shuka unainyanyua juu ya godoro kama unafunga sambusa, unaliingiza lile linaloning'inia chini kwanza, ndipo unaishusha pembe na kuibana, mkono bapa, vidole vimenyooka. Kitanda kinatakiwa kiishe dakika nne, na vyumba vyake ni 14 kwa zamu moja. Hesabu mwenyewe kabla hujaandika sura ya pili kuhusu tija ya wafanyakazi.

Siku nne tuliwasaidia kuhesabu vitu vya ghala. Daftari lilisema taulo za pwani ziko 240, rafuni tukazikuta 171. Hakuna aliyeiba. Mgeni anayekwenda na boti hupewa taulo, taulo inabaki kwenye boti, boti si ya hoteli, imekwisha hiyo. Tukawatengenezea karatasi moja ya kusaini, ukurasa mmoja tu, chumba namba ngapi, boti ya nani, imerudi haijarudi. Meneja aliyekuwa hajui hata majina yetu akaja jioni ghalani kuuliza nani katengeneza kile kikaratasi.

Na Bi Mkubwa alitufanyia jambo ambalo hakuna meneja angeliweza. Mwenzetu mmoja, msichana wa shamba, baba yake alikuwa hataki kusikia neno hoteli. Tunajuana: gari la wafanyakazi likikushusha mtaani saa tano usiku, majirani wanahesabu. Bi Mkubwa akaomba namba, akampigia mzee palepale, simu kaibana begani huku anakunja foronya. "Mie nina miaka 19 hotelini, baba, na sala zangu tano hazijanipita." Wakazungumza kama robo saa, wakaishia kugundua kwamba wana jamaa mmoja Makunduchi. Mzee alikubali zamu ya asubuhi tu. Kufikia Julai watatu katika sisi tisa walikuwa na mikataba pale, yule msichana mmojawapo.

Leo klabu ina wanachama 64. Wiki iliyopita hoteli kubwa mojawapo kati ya zile 23 imetuandikia yenyewe, inaomba wanafunzi 12. Nimeisoma barua ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mwezi uliopita pia kulikuwa na hafla ya kuipongeza klabu, na walioitwa mbele ni watu ambao Mei ile ya mvua walikuwa na udhuru. Bango likatundikwa. Mimi nimo, ukitazama vizuri: mkono wangu wa kulia, unashika sinia la visheti. Nimesamehe. Bango nimelipiga picha.

Sasa, ndugu zangu, nisikilizeni, maana nimelipia kuyajua haya. Nendeni masika. Usimwite meneja aje kwako. Nenda wewe, na uende wakati hana wageni. Tena usianze na meneja. Muulize mlinzi hapo getini nani anashika ghala, nani anashika vyumba, nani anashika maji, kwa sababu hao ndio wasiohama, meneja wa Kizungu mkataba wake ukiisha anaondoka na mawasiliano yako. Usiombe kazi siku ya kwanza. Beba mikono. Na nasema tena, nendeni masika.

Na tuache kulia. Kila kijiwe utasikia kazi za hoteli wamezichukua watu wa Bara na Wakenya. Wako, na wengine wameshikwa mkono kuingia, silikatai hilo. Lakini yupo mwenzako alipanda basi kutoka Arusha, akapanda boti, akapanga chumba kwa watu asiowajua, ili achomolewe shuka mara tatu. Wewe wa Paje unaona haya jirani atakuona na fagio. Vijana wa ufukweni Kiwengwa wanazungumza Kitaliano cha kuuzia na kugombania, hawakukaa darasani hata siku moja, na sisi wa uzamili tukikutana na Mtaliano tunasema ciao halafu tunatabasamu mpaka aondoke. Kisha tunataka kuitwa wataalamu. Wataalamu wa nini?

Nimeanza kuhubiri, najijua.

Turudi kwa kijana wa Chake. Mdogo wangu, kwenu usituige sisi. Hoteli za Pemba ni chache na nyingi zimejificha kule kaskazini, upande wa Makangale, ukishapita msitu wa Ngezi. Wageni wenu wengi wanafuata kupiga mbizi na kwenda kisiwa cha Misali, kwa hivyo mtu wako wa kwanza si wa hoteli, ni nahodha. Mtafute pwani boti ikiwa imepandishwa inapigwa rangi. Nenda na nguo za kuchafua. Muulize mafuta kiasi gani hadi Misali na kurudi, mgeni akiugua majini anafanya nini, nani anamlipa na baada ya siku ngapi. Wapeleke wenzako wawili, msiende nyote sita, mtamtisha.

Ama nembo, sisi yetu ipo. Muhuri wake wa mpira umo kwenye droo yangu, tanga buluu, haujapigwa kwenye barua hata moja tangu ile Agosti. Ukiutaka nitakutumia kwa mtu wa boti ya Mkoani. Jina utakata kwa wembe uweke lenu.